Namna ya Kumchagulia Mwanafunzi wa Sekondari Riwaya Atakayoimaliza

Mwanafunzi anaingia maktabani wakati wa mapumziko ya saa nne, anasimama mbele ya meza na kusema, "Shikamoo, mwalimu. Naomba kitabu kizuri cha hadithi." Mwalimu anayesimamia maktaba anaitikia, anageukia kabati, anachomoa kitabu kilicho karibu na mkono wake, anaandika jina kwenye daftari la kuazimia, na shughuli imekwisha. Baada ya siku mbili kitabu kinarudi. Mwanafunzi anasema kilikuwa kizuri sana, lakini ukikifungua unaona kurasa kumi za mwanzo zimelegea kwa kushikwashikwa na zilizobaki zimekaza kama zilivyotoka dukani. Nami niliazimisha vitabu kwa namna hiyo kwa muda mrefu, nikidhani kwamba kazi yangu ni kuvilinda visipotee, na leo najua kwamba niliwapoteza wasomaji wengi kwa sababu sikuwauliza neno lolote kabla ya kuwapa kitabu.

Ninaowaandikia zaidi ni walimu wenzangu wa shule za sekondari za kutwa nchini Tanzania, ambao wengi wao hawakusomea ukutubi, wana vipindi vyao vya kufundisha kila siku, na walikabidhiwa funguo za maktaba kwa kuwa tu wanafundisha Kiswahili au Kiingereza. Wenzetu wa Kenya watakuta mengi yanawahusu pia, ingawa orodha yao ya vitabu teule ni tofauti na yetu.

Zisome kwanza wewe mwenyewe

Anayependekeza riwaya asiyoisoma hutambulika mara moja, kwa sababu vijana wa miaka kumi na minne ni wepesi mno kumjua mtu mzima anayesifu kitu asichokifahamu. Habari njema ni kwamba maktaba nyingi za shule hazina riwaya nyingi. Ukiondoa vitabu vya kiada, na ukiondoa nakala arobaini za kitabu kimoja cha mtihani, mara nyingi unabaki na riwaya thelathini au hamsini zilizo tofauti, na idadi hiyo inasomeka. Ukisoma moja kila baada ya wiki mbili, utamaliza thelathini kwa muda unaozidi mwaka kidogo tu, na hata kabla ya hapo, ukishasoma kumi zisizofanana, unaweza kuanza kazi.

Unaposoma kwa ajili ya kupendekeza, usisome kama unayeandaa kipindi. Dhamira, ujenzi wa wahusika na tamathali za semi zina siku yake. Chukua kipande cha karatasi ya manila ukubwa wa kiganja, na kwa kila riwaya uandike mambo machache: mhusika mkuu ana umri gani hadithi inapoanza, sura ni fupi au ndefu, lugha yake inamfaa mwanafunzi wa kidato gani, kuna jambo gani zito ndani, kama kifo cha mzazi, ubakaji, kujiua au ulevi, na hadithi inashika moto kwenye ukurasa wa ngapi.

Hilo la mwisho naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote. Riwaya nyingi za Kiswahili za zamani huanza taratibu, mwandishi akieleza mji, nasaba na tabia za watu, na kijana asiyejua kwamba mambo yatachangamka kwenye ukurasa wa ishirini atakifunga kitabu kwenye ukurasa wa nane na kujihesabu kuwa yeye si mtu wa kusoma. Ukimwambia mapema, "Vumilia mpaka atakapotoroka nyumbani, hapo ndipo mambo yanapoanza," unampa mahali pa kufika, na akifika hapo mara nyingi haachi tena.

Kadi yangu ya riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, inasema hivi: "Maiti, mzimu unaoogopwa na watu, na Bwana Msa mwenye kiko chake, asiyekubali kwamba wafu wanaua. Kwa anayependa kufumbua mafumbo. Kiswahili ni cha Unguja cha miaka ile; wa bara atakwama kwenye maneno kadhaa, asikimbilie kamusi kila mara, maana yatajieleza yenyewe. Hakuna cha kutisha mno. Kidato cha 2 na kuendelea." Kadi hiyo ilinichukua dakika tano kuiandika, nami nimeitumia mara nyingi kuliko maandalio yangu yoyote ya somo.

Muulize kuhusu hadithi, wala usimuulize kuhusu vitabu

Swali la "Unapenda vitabu gani?" linaonekana la busara, lakini kwa kijana aliyemaliza darasa la saba akiwa hajawahi kushika kitabu kisicho cha kiada, ni swali lisilo na jibu. Atasema "Vyovyote tu, mwalimu," na hapo utakuwa umerudi mwanzo. Muulize badala yake ni hadithi gani ya mwisho iliyomfanya asahau kulala. Mwambie wazi kwamba si lazima iwe ya kitabuni. Huyu atakusimulia tamthilia ya televisheni anayoifuatilia na mama yake mdogo. Yule atataja filamu ya kivita aliyoiona kwenye kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Na wengi, hasa wasichana, watakuambia kwa aibu kidogo kwamba wanasoma simulizi zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye simu ya dada. Usikunje uso. Msichana anayesubiri sehemu ya arobaini na saba ya simulizi kila jioni ni msomaji mwenye subira kubwa, na kazi yako ni kumwonyesha kwamba kabatini mna hadithi ya namna ileile ambayo haimlazimu kusubiri mpaka kesho.

Akishasimulia, sikiliza ni kitu gani hasa kilimshika. Watu wawili wanaweza kuipenda filamu moja kwa sababu zisizokutana: mmoja alitaka kujua muuaji ni nani, mwingine alimhurumia mke wa marehemu. Wa kwanza mpeleke kwa Bwana Msa. Wa pili mpe riwaya inayokaa na watu na maumivu yao, na hata kama ina polisi ndani yake, usimwambie kwamba ni ya upelelezi.

Kisha uliza ni wapi na saa ngapi atasoma. Hili walimu wengi hulipuuza. Mwanafunzi wa kutwa anayefika nyumbani saa kumi na moja, akachota maji, akapika na kuosha vyombo, anabaki na nusu saa ya kusoma, pengine kwa taa ya sola ambayo wadogo zake nao wanaigombea. Huyo anahitaji sura fupi na wahusika wachache asiolazimika kuwakumbuka upya kila usiku. Wa bweni mwenye Jumapili nzima anaweza kubeba riwaya nene. Swali la tatu, ambalo huuliza nikiona ametulia, ni hili: kitabu gani kilikushinda, na kilikushinda wapi? Jibu lake hueleza zaidi kuliko sifa zote, kwa sababu mtu husema kweli zaidi kuhusu kitu kilichomchosha.

Mazungumzo yote haya huchukua dakika tano. Kama kuna foleni mlangoni, mwandikie kitabu cha muda na umwambie arudi baada ya vipindi.

Kosa nililolifanya

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu msichana wa Kidato cha Pili ambaye walimu wote tulijua hali ya nyumbani kwao: baba alikuwa mlevi, mama alikuwa akiuza chakula karibu na stendi, na mara mbili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya sare. Sikumuuliza chochote. Nilifurahi moyoni kwamba nina kitabu kinachomfaa kabisa, nikampa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambamo Zita na Peter wanakosa shule kwa ajili ya ada na sare huku mama yao akihangaika na biashara ya chakula na baba yao akinywa pombe. Nilimwambia, "Hiki utakipenda."

Alikirudisha kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride. Alikiweka mezani kwa mikono miwili, kwa adabu, jalada likiangalia chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, haya ya nyumbani nayajua. Mimi nilitaka kwenda mahali pengine." Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba akae, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza anataka kwenda wapi. Akasema baharini, au zamani. Aliondoka na riwaya ya Zanzibar ya zamani, na kabla ya kufunga muhula alikuwa amesoma nyingine nne.

Tangu siku hiyo sitoi riwaya kama dawa ya tatizo ninalodhani mtoto analo. Takadini ya Ben J. Hanson, inayomhusu mtoto aliyezaliwa na ualbino na mama yake anayekimbia naye ili asiuawe, ni hadithi njema, na kila darasa linapaswa kuwa nayo. Lakini kumwita mwanafunzi mwenye ualbino na kumkabidhi kitabu hicho mbele ya wenzake ni kumwambia kwamba ulipomtazama uliona ngozi yake tu. Kiweke mahali kinapoonekana. Akikitaka, atakichukua mwenyewe, na pengine atakayekihitaji zaidi ni yule anayekaa naye dawati moja.

Kuna vijana, hata hivyo, wanaotafuta hadithi inayofanana na maisha yao kwa makusudi. Utawajua kwa kuwa watasema. Atakuja mmoja akuulize, "Mwalimu, kuna kitabu cha mtu aliyelelewa na shangazi?" Huyo amefungua mlango mwenyewe. Mmoja wa namna hiyo nilimpa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, hadithi ya kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, ambaye baada ya kufiwa na mama anataabika mikononi mwa ndugu na hatimaye anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Alikaa nayo wiki tatu kwa sababu aliisoma mara mbili.

Suala la lugha

Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza kwa Kiswahili kwa miaka saba, na ghafla Kidato cha Kwanza kinamdai asome karibu kila somo kwa Kiingereza. Matokeo yake kabatini ni kwamba akili yake iko tayari kwa hadithi ya kijana wa miaka kumi na mitano, lakini Kiingereza chake kinamruhusu kitabu cha mtoto wa miaka minane. Ukimpa kitabu cha picha cha watoto, utamfedhehesha. Ukimpa riwaya nzito ya Kiingereza, atajifunza kuichukia. Mimi humwanzisha mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza na riwaya za Kiswahili bila kusita, hata mkuu wa shule anaposema kwamba maktaba ipo ili kuwainua Kiingereza, kwa sababu mazoea ya kukaa na kitabu kirefu mpaka mwisho hayana lugha. Aliyeyapata kwa Kiswahili atayatumia pia siku Kiingereza chake kitakapokomaa.

Kwa anayetaka kuvuka, tafuta riwaya zilizopo kwa lugha zote mbili. Animal Farm ya George Orwell ilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967; Things Fall Apart ya Chinua Achebe tunayo kama Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973; na Paradise ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatoka mwaka 2022. Mwanafunzi asome ya Kiswahili kwanza, aijue hadithi na watu wake, kisha achukue ya Kiingereza. Hatasoma tena kwa hofu ya kupotea njia, na maneno mengi atayaelewa kwa sababu anajua ni nini kinachotokea. Peponi inaanza na Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara ili kulipia deni. Umri wake unawavuta wadogo, lakini ndani mna mambo ya watu wazima, kwa hiyo mimi huitoa kuanzia Kidato cha Tatu.

Ili kupima kama kitabu cha Kiingereza kinamfaa, mwache afungue ukurasa wowote wa katikati na ausome kimyakimya, akikunja kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kisubiri. Mwache ajipime mwenyewe, nawe utazame pembeni. Ukimsikiliza akisoma kwa sauti, atauona kuwa mtihani.

Namna ya kukitambulisha kitabu

Weka vitabu vitatu mezani, kisiwe kimoja, maana kimoja ni amri. Wala visiwe kumi, kwa sababu atachagua chenye jalada zuri ili aondoke haraka. Kimoja kiwe kile unachokiamini zaidi kutokana na aliyokusimulia, cha pili kiwe cha jamii hiyohiyo lakini chepesi zaidi, na cha tatu kiwe kitu tofauti kabisa, kwa sababu mara nyingine sisi walimu tunakosea na yeye mwenyewe hajui bado anachokitaka.

Kwa kila kimoja sema sentensi tatu au nne, usizidishe. Usiseme kitabu kinafundisha nini. Ukianza na "Kitabu hiki kinatufundisha umuhimu wa...", umekwisha kumpoteza. Sema nani yuko kwenye matatizo gani, kisha ukomee pale anapotaka kuuliza. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambayo vijana huikwepa kwa kuwa wamesikia kwamba mwandishi wake ni wa mashairi na maadili. Mimi huitambulisha hivi: "Kuna mtu anasifiwa kila mahali kwa haki na wema wake. Mgeni kutoka kwa mfalme analala nyumbani kwake, na usiku anamwona akiwachapa manyani wawili. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo?" Halafu nanyamaza. Kitabu chenyewe ni chembamba, na wengi huketi palepale kutafuta jibu.

Baada ya kusema, ondoka kidogo. Panga rafu, andika daftari, fanya chochote, ili apate nafasi ya kuvishika, kusoma ukurasa wa kwanza na kukataa bila kukutazama usoni. Mwambie mapema kwamba ruhusa ya kukirudisha bila kukimaliza ipo, na kwamba hataulizwa kwa ubaya. Nilipoanza kutamka maneno hayo, niliogopa kwamba hakuna atakayemaliza kitabu tena, lakini kilichotokea ni kwamba walianza kurudisha vitabu mapema na kuchukua vingine, badala ya kukaa nacho kitandani mwezi mzima kwa kuona haya.

Usigawe vitabu kwa kigezo cha vya wavulana na vya wasichana. Mvulana mmoja wa Kidato cha Nne, mchezaji wa mpira anayeogopwa na wadogo, aliichukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi kwa ajili ya Denge na harakati za kudai uhuru Zanzibar, na alipoirudisha alichotaka kukizungumza ni Yasmin, yule binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Kama ningemwambia tangu mwanzo kwamba ni hadithi ya binti aliyeozwa mapema, nina hakika asingeigusa.

Mambo mazito

Hapa ndipo walimu wengi tunapopata hofu, na hofu hiyo ina msingi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipata kupigwa marufuku shuleni, na hadi leo wapo wanaoificha stoo. Ni riwaya ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na kipigo, asiyefundishwa chochote kuhusu wanaume, kisha akatupwa katika dunia iliyomngoja. Kwa maoni yangu ni moja ya riwaya zinazowasema vijana wetu kwa ukweli zaidi, na sioni haki ya kumzuia msichana wa miaka kumi na minane kusoma habari za jambo linaloweza kumpata akiwa na miaka kumi na mitano. Lakini Rosa anajiua, na mwalimu anayeitoa bila kulijua hilo hajafanya kazi yake.

Kwa hiyo riwaya za aina hiyo mimi sizifichi, ila haziondoki bila mazungumzo. Huwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na kuendelea, na humwambia kila mmoja kabla: ndani kuna jambo hili na hili, mwisho wake ni wa huzuni, ukiona linakuelemea funga uje tuzungumze. Simwambii hadithi yote, ila simwachi ashtukizwe. Naandika tarehe pembeni ya jina lake, na baada ya siku nne au tano namtafuta, hata kama ni kumsalimia tu. Mara chache sana kitabu kimewafanya wanafunzi waniambie jambo linalowapata wao wenyewe. Ikitokea hivyo, wewe si mwalimu wa fasihi tena: sikiliza bila kushangaa, usiahidi kwamba litakuwa siri yenu wawili, na umpeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo Tanzania na Kenya hupigwa bila malipo, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo anayechagua kitabu ataiona bila mtu kujua kwamba ameitazama.

Mzazi akija na kitabu mkononi akiwa amekasirika, mpe kiti na umwache aseme mpaka amalize. Mwonyeshe kadi yako, mweleze kwa nini kitabu kiko shuleni, na umwombe akisome naye. Akisema hataki mwanawe aendelee nacho, hiyo ni haki yake, nawe umpe mtoto kingine. Kukiondoa kwenye kabati ili wengine nao wasikione ni uamuzi mwingine kabisa, na huo usiufanye peke yako kwa sababu ya mazungumzo ya asubuhi moja.

Kitabu kinaporudi

Usimwombe ufupisho, wala maswali ya ufahamu. Vitabu vya mtihani vina utaratibu wake. Watoto wa Mama N'tilie, Takadini na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari vimetumika kwa miaka mingi katika fasihi andishi ya Kidato cha Tatu na cha Nne, na mwanafunzi anayevisoma kwa ajili ya mtihani anajua kwamba ataulizwa dhamira. Ukilileta swali hilo kwenye riwaya aliyojichukulia mwenyewe, utakuwa umeigeuza kuwa kipindi. Uliza maswali mawili tu: "Ulitaka kuacha wapi?" na "Ungempa nani?" La kwanza litakusaidia kurekebisha kadi yako. La pili litakupa msomaji mwingine, kwa kuwa kijana akisema "Ningempa Neema wa mkondo B," mara nyingi Neema hufika mezani kwako kabla ya wiki kuisha.

Majibu hayo tunayaandika kwenye daftari la mistari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kila riwaya ikiwa na ukurasa wake. Mwanafunzi huandika mistari miwili, kwa Kiswahili chake au Kiingereza chake, nami sisahihishi hata kosa la herufi. Wanaoingia hulisoma daftari hilo kabla ya kunisalimu. Maneno ya mwanafunzi mmoja, "Nililia ukurasa wa 88 nikaficha uso kwenye daladala," yameazimisha kitabu kile kuliko yote niliyowahi kuyasema mimi. Kuhusu vitabu vinavyopotea, vitapotea vichache. Mwenye kupoteza alete kingine au asaidie kufunika vingine kwa karatasi ya nailoni, na mlango usifungwe kwa sababu hiyo.

Mwisho wa muhula daftari hilo ndilo linaloandika ombi la vitabu vipya. Kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule, hesabu ni riwaya zipi zimejaza kurasa zake na zipi hazina hata mstari, na uombe nakala tatu tatu za riwaya kumi tofauti badala ya nakala thelathini za riwaya moja. Ambatisha orodha ya wanaosubiri. Ombi langu la mwisho lilikuwa na majina ya wanafunzi kumi na wawili waliokuwa wakiingoja nakala moja ya Vuta N'kuvute, na tarehe aliyojiandikisha kila mmoja wao. Jina la tatu lilikuwa la yule msichana aliyetaka kwenda baharini.